Shule Inayofungua Belo Zima

Mwaka jana, mwezi wa kumi, dada yangu aliwapeleka watoto wake mapacha kwenye usaili wa kuingia darasa la kwanza katika shule ya binafsi ya mchepuo wa Kiingereza. Nitawaita Kulwa na Doto, kama nyumba nyingi za kwetu zinavyowaita mapacha. Kulwa ni mvulana, Doto ni msichana. Waliondoka alfajiri na viatu vilivyopigwa rangi, wakarudi saa saba mchana. Doto alikuwa amepewa barua. Kulwa alikuwa amepewa pipi.

Barua ilisema mtoto amekubaliwa na ada ilipwe kabla ya katikati ya Desemba. Kuhusu Kulwa hawakuandika chochote. Dada aliambiwa kwa mdomo pale dirishani kwamba huyu bado, labda ajaribu tena mwakani.

Jioni ile tulikaa kikao cha familia nyumbani kwao, chumba cha nyuma ya maduka, mitaa miwili kutoka Msimbazi, ambako kelele za Kariakoo huwa hazikomi mpaka saa nne za usiku. Alikuwapo dada, anayeuza vitenge kwenye duka la mtu mwingine Mtaa wa Narung'ombe. Alikuwapo shemeji, dereva wa bajaji. Alikuwapo mama yetu, ambaye watoto wanamwita bibi na ambaye kwa miaka mingi ameuza nguo za mtumba Karume. Na nilikuwapo mimi, mama mdogo, ninayesomea shahada ya uzamili ya elimu. Dada alinigeukia akasema, "Wewe ndiye msomi wa mambo haya. Tufanyeje?"

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nimesoma kuhusu shule za mkataba za Marekani kiasi cha kuota ndoto zake. Lakini mbele ya barua moja na pipi moja niliona aibu kufungua mdomo, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Kwanza nieleze hizo shule za mkataba, maana hoja inayotolewa kule ndiyo hiyo hiyo inayotolewa hapa kwetu kwa maneno mengine. Mwaka 1988, Albert Shanker, kiongozi wa chama cha walimu, alipendekeza walimu wapewe nafasi ya kuanzisha shule ndogo ndani ya mfumo wa umma, wajaribu njia mpya za kufundisha, na kile kitakachofaa kirudishwe kwenye shule za kawaida. Jimbo la Minnesota likapitisha sheria ya kwanza mwaka 1991, na shule ya kwanza ikafunguliwa mwaka uliofuata mjini St. Paul. Fedha ni za umma, lakini uendeshaji umetolewa kwa watu walioingia mkataba. Wazo la Shanker lilikuwa kama shamba darasa: unalima kipande kidogo ili mashamba yote yajifunze. Baada ya miaka michache yeye mwenyewe aliligeuka, kwa kuona kwamba shamba darasa limegeuka duka la kushindana na mashamba mengine.

Tanzania hatuna shule za mkataba kwa jina hilo. Tuna shule za serikali zinazofundisha kwa Kiswahili, ambazo hazitozi ada. Tuna shule za binafsi za Kiingereza zilizoongezeka tangu milango ilipofunguliwa miaka ya tisini. Na tuna kitu cha katikati: shule chache za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond kule Upanga, ambazo wazazi wa katikati ya jiji huzitafuta kama wanavyotafuta fremu ya duka Mtaa wa Kongo. Kila mmoja anajua sababu. Mtoto wa shule ya kawaida husoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Mzazi anayeliona shimo hilo mbele na kumtafutia mwanawe daraja hafanyi majivuno. Anafanya hesabu.

Kwa hiyo shule za binafsi zinasemwa kuwa ndiko kuliko ubunifu. Kompyuta ziko kule, walimu wanafuatiliwa kule, na matokeo yananing'inizwa kwenye uzio kwa bango kubwa. Na shule za serikali zinasemwa kuwa zimelala: watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja, madawati hayatoshi, wengine wanaingia asubuhi na wengine mchana. Ukisimama nje ya mageti mawili, utaona tofauti kwa macho na hutahitaji utafiti.

Swali langu ni la upande wa pili wa geti. Je, kizuri tunachokiona kinatokana na namna shule inavyofundisha, au na namna inavyochagua wa kumfundisha? Na kama kinatokana na kuchagua, tuna haki ya kukiita ubunifu?

Sasa nieleze ile aibu.

Nilipomaliza shahada ya kwanza sikupata ajira ya serikali. Nilifundisha mwaka mmoja na nusu katika shule ya binafsi ambayo sitaitaja. Ilikuwa shule yenye bidii. Tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tulisahihisha madaftari kila siku, tulipiga simu kwa wazazi. Mwishoni mwa mwaka, mwalimu wa taaluma aliniita ofisini na kuniomba nimwandikie majina ya wanafunzi wa darasa la sita ambao, kwa maoni yangu, "hawataweza kwenda na kasi." Nilijua maana yake. Wazazi wao wangeitwa mmoja mmoja na kushauriwa kwa upole wamtafutie mtoto shule nyingine kabla ya darasa la saba, ili jina lake lisiwe kwenye orodha ya watahiniwa wetu.

Niliandika majina kumi na moja, kwa mkono wangu, kwa kalamu ya bluu. Mmoja wao alikuwa mvulana aliyeweza kuchora ramani ya Tanzania bila kuangalia kitabu, na mito yote mahali pake, lakini sehemu za hesabu zilimshinda. Nilisita kwenye jina lake kidogo, kisha nikaliandika.

Mwaka uliofuata matokeo yalikuwa mazuri sana. Bango likapandishwa kwenye uzio. Walimu tulipewa bahasha, na yangu niliipokea.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na mama wa yule mvulana kwenye mwendokasi, kituo cha Msimbazi. Nilitaka kujificha nyuma ya watu lakini alishaniona. Nilidhani atanilaumu. Badala yake alinisalimu kwa heshima zote, akaniambia, "Mwalimu, utusamehe. Najua mlijitahidi sana na yule mtoto, ila kichwa chake ndiyo hicho." Mlango ulifunguka, akashuka na furushi lake. Sijawahi kuombwa radhi kukaniuma namna ile. Yule mama alikuwa amelipa ada miaka sita, na kitu alichoondoka nacho ni imani kwamba mwanawe ni mjinga.

Sitaki kuifanya habari hii iwe hukumu juu ya shule zote za binafsi. Ziko zinazopokea watoto wa aina zote na kuhangaika nao mpaka mwisho. Na historia ya mji huu inatukumbusha kwamba shule isiyo ya serikali inaweza kuwa mlango wa waliokataliwa. Katika miaka ya hamsini, chini ya ukoloni, nafasi za watoto wa Kiafrika zilikuwa chache mno. Wazazi waliojiunga katika chama cha TAPA walianzisha shule zao wenyewe kwa ajili ya watoto waliokosa nafasi. Hawakuanza kwa kuuliza nani anafaa. Walianza na wale waliobaki nje. Kwa hiyo tatizo langu haliko kwenye neno "binafsi." Liko kwenye mlango.

Na mlango wa kuchagua si wa binafsi tu. Serikali nayo inao. Mimi mwenyewe nilisoma sekondari ya wasichana ya vipaji maalumu, ambayo huchukua waliofaulu vizuri kuliko wengine. Nililala kitanda cha serikali na kula ugali wa serikali kwa sababu nilichaguliwa, huku wenzangu wa mtaani wakienda sekondari za kata ambazo wakati ule hazikuwa hata na maabara. Ninaposema kuchagua kuna kasoro, nasema nikiwa nimekalia tunda la kuchaguliwa.

Tazama jambo la Liberia. Mwaka 2016 serikali ya huko ilikabidhi shule 93 za umma kwa waendeshaji wanane wa nje. Watafiti walipanga tangu mwanzo kwa kura zipi zikabidhiwe na zipi zibaki, ili ulinganisho uwe wa haki. Baada ya mwaka mmoja, watoto wa shule zilizokabidhiwa walikuwa wamejifunza zaidi kwa kiasi cha kuonekana. Walimu walihudhuria zaidi. Hilo ni jema na lisifichwe. Lakini mwendeshaji mkubwa kuliko wote, Bridge, kampuni iliyoanzia Nairobi mwaka 2009, aliondoa watoto kwenye madarasa yaliyokuwa yamefurika, na pia walimu wengi waliokuwapo, kwa kuwa mkataba wake ulimruhusu. Watoto wale walikwenda shule nyingine au hawakwenda popote. Kwenye wastani wa shule hawaonekani. Wastani ni hesabu ya waliobaki ndani.

Nikikumbuka ile kalamu ya bluu, najua jinsi ilivyo rahisi.

Katika kile kikao, bibi ndiye aliyesema kabla yangu. Hakusema habari za elimu, alisema habari za kazi yake. Yeye hununua belo la nguo za watoto likiwa limefungwa. Hajui kilichomo. Akilifungua alfajiri, wateja wajanja wanakuwa wamesimama tayari na wanachagua zile za juu, ambazo hazijachakaa, kwa bei nzuri. Kufikia saa tatu zimeisha. Zinabaki zenye kifungo kilichong'oka, zipu mbovu, doa. Hizo bibi anazipeleka nyumbani, anazifua, anazishona, anazipiga pasi, kisha anaziuza kwa wiki nzima. "Nguo ya juu inajiuza yenyewe," alisema. "Mimi sijawahi kujisifu kwa kuuza nguo ya juu. Mtu akitaka kujua kama mimi ni muuzaji, aje Ijumaa aone nilichobakiza."

Shemeji akacheka, lakini mimi nilitamani ningekuwa nimeliandika hilo kwenye pendekezo langu la utafiti. Ufundi wa shule haupimwi kwa mtoto ambaye angejua kusoma hata kama mwalimu angelala. Unapimwa kwa yule ambaye bila shule hii asingejua.

Ukikubali kipimo hicho, ubunifu unahama sehemu tuliyozoea kuutazama. Pale pale Kariakoo ipo Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, shule ya serikali, ambayo inapokea watoto wenye ulemavu, wakiwemo wasioona, pamoja na watoto wengine. Kumfundisha mtoto asiyeona kusoma kwa vidole, katikati ya mitaa yenye honi, mikokoteni na spika za wauza dawa za mende, ni ubunifu kuliko kununua kompyuta ishirini. Lakini hakuna bango la wastani linaloweza kuuonyesha.

Au tazama jaribio la KiuFunza, lililofanywa na Twaweza kuanzia mwaka 2013 katika shule 350 za serikali kwenye wilaya 10 za Tanzania. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya ziada, nyingine walimu wake waliahidiwa malipo kwa kila mtoto aliyefaulu kusoma na kuhesabu, nyingine zikapata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Vilipounganishwa vyote viwili, watoto walijifunza zaidi kwa kiasi kikubwa. Hapakuwa na usaili mlangoni. Watoto walikuwa ni wale wale, vyumba ni vile vile. Kilichonigusa ni kwamba malipo yalihesabiwa kwa mtoto mmoja mmoja. Kwa hesabu hiyo, mwalimu hapati faida yoyote kwa kuondoa jina kwenye orodha.

Hata Baraza la Mitihani lilichukua hatua ndogo upande huo Januari 2023, lilipoacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Baadhi ya watu walilalamika kwamba ushindani umeuawa. Mimi nilifikiria mabango. Yanaendelea kuning'inia, maana kila shule inaweza kujitangazia yenyewe, lakini angalau taifa limeacha kuyapigia makofi.

Haya yote niliyasema kwa dada usiku ule, kwa urefu kuliko nilivyoyaandika hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umemaliza? Sasa sikiliza na mimi. Mtoto wangu siyo tasnifu yako. Doto amepata nafasi. Unataka nimnyang'anye ili nchi ijirekebishe?"

Hapo ndipo swali linapokuwa gumu, na sidhani kitabu kinalimaliza. Mzazi hana wajibu wa kumtoa mwanawe kafara kwa ajili ya mfumo. Ukimwambia mama asubiri mpaka shule zote ziwe nzuri, unamwambia mtoto wa miaka sita asubiri utoto mwingine. Kama nyumba inaungua na mlango unapitisha mtu mmoja, huwaachi wote wawili ndani kwa jina la usawa. Dada alikuwa na haki ya kusema hivyo, na mimi niliyelala kitanda cha vipaji maalumu sikuwa na haki ya kumjibu kwa sauti ya juu.

Nilimuuliza kitu kimoja tu: waliulizwa nini kwenye usaili? Doto akarukia kujibu. Mwalimu aliwaonyesha mpira na kuuliza rangi yake kwa Kiingereza. Kisha akawauliza majina yao na wanapenda nini, kwa Kiingereza. Doto anakijua Kiingereza cha katuni, kwa sababu jioni huangalia televisheni kwa jirani. Saa hizo Kulwa huwa Karume na bibi, anamsaidia kupanga nguo kwa umri na kurudisha chenji. Kulwa anajua kwamba ukipewa elfu kumi kwa nguo za elfu tatu na mia tano unarudisha sita na mia tano. Hakuna aliyemuuliza hilo. Pale alinyamaza, wakaandika wanachoandika kwa mtoto anayenyamaza.

Kwa hiyo usaili haukupima akili ya mapacha wawili. Ulipima nani alikuwa wapi saa kumi na mbili jioni. Shule za mkataba za Marekani, pamoja na lawama zote, zina jambo moja ninalolionea wivu: waombaji wakizidi nafasi, kwa kawaida hupigwa kura ya bahati nasibu. Kura nayo ingeweza kumwacha Kulwa nje. Ila isingemwambia kwamba ameshindwa. Kukosa bahati ni jambo moja, na kuhukumiwa ukiwa na miaka sita ni jambo jingine. Lile la kwanza mtu hulisahau. La pili yule mama wa mwendokasi alikuwa bado analibeba pamoja na furushi lake.

Shemeji, ambaye alikuwa amenyamaza muda mrefu, akauliza ada ni kiasi gani. Ilikuwa milioni moja na laki mbili kwa mwaka, bila basi wala chakula. Akasema fedha hiyo ipo kwa mtoto mmoja, kwa shida. Kisha akasema, polepole, kwamba yeye hawezi kumwamsha mmoja saa kumi na moja avae soksi nyeupe huku mwenzake anamwangalia kutoka kitanda kile kile. Hakutoa hoja nyingine. Dada alilia kidogo, akakunja ile barua akaiweka kabatini. Hakuichana.

Januari wote wawili waliandikishwa shule ya serikali ya jirani. Sisemi tulifanya sawa. Darasa lao lina watoto zaidi ya mia, na mwalimu wao ni mwanamke mmoja mwenye sauti iliyokauka, ambaye tayari anayajua majina mengi kuliko nilivyowahi kuyajua mimi nikiwa na watoto thelathini. Jumamosi nakwenda kuwafundisha Kiingereza na hesabu. Najua vizuri maana yake. Mtoto anayekaa dawati moja na Kulwa hana mama mdogo wa chuo kikuu. Tumekataa mlango wa kuchagua kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine tumewafungulia wetu dirisha. Nimejaribu kulipunguza hilo kwa kumwambia dada awaalike watoto wawili watatu wa jirani. Jumamosi iliyopita walikuja saba, na mkeka haukutosha.

Baada ya somo Doto alibaki. Aliniuliza, "Mama mdogo, ile shule nyingine, mimi nilifaulu kweli?"

Kulwa alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu, na niliona mikono yake imesimama.

"Walikuuliza unachokijua," nilimwambia.

"Na Kulwa?"

"Kulwa walimuuliza asichokijua."

Doto alifikiri kidogo. Kisha akamgeukia ndugu yake na kumuuliza, kwa Kiingereza cha katuni, kiatu chake kina rangi gani. Kulwa alikitazama kiatu kwa muda, kimechakaa na rangi imetoka, akajibu kwa Kiswahili kwamba zamani kilikuwa cheusi.

Lilikuwa jibu sahihi kuliko nililokuwa ninalitegemea. Nilimwambia hivyo.